Les Paul: Kijana aliyeacha shule, akapiga magitaa manane peke yake

Kuna rekodi moja kwenye laptopu yangu ya mtumba ambayo sijawahi kuifuta. Ni gitaa tupu, dakika mbili na ushee. Mwanzoni unasikia bodaboda ikipita nje ya ploti, halafu vidole vya rafiki yangu vinaanza kazi. Tulikuwa tunapiga wawili, yeye solo, mimi sekondi. Kisha akapata kazi ya ulinzi Doha, akaenda zake. Mimi nikabaki na gitaa moja, dakika mbili za sauti yake, na muda wa kumwaga kwa sababu karo ya chuo ilikuwa imeshanishinda.

Basi usiku mmoja nikaamua kuiongezea rekodi hiyo sauti ya pili. Si siku hizi ni rahisi? Unafungua programu ya muziki, unanakili gitaa, unalibandika kwenye mstari wa chini, unaliamuru lipande semitoni nne, mambo yameisha. Nikafanya hivyo. Nikabonyeza. Wueh! Ilisikika kama kwaya ya harusi saa tisa za usiku. Noti moja inakubali, mbili zinagoma, nyingine inakubali, nyingine inakwaruza sikio kama kijiko kwenye sufuria.

Katika kutafuta kosa liko wapi, nikakutana na jina ambalo miaka yote nilidhani ni aina ya gitaa tu. Unalijua. Limeandikwa kwenye kichwa cha magitaa ya umeme yanayoning'inia madukani kwa bei ya kukutoa machozi: Les Paul. Kumbe alikuwa mtu. Na si mtu tu, ndiye jamaa aliyehangaika na shida hii hii yangu wakati ambapo hakukuwa na laptopu wala programu, na kitufe cha kurudisha nyuma hakikuwa hata ndoto.

Hebu nikupe hadithi yake.

MTOTO ALIYETOBOA KARATASI YA PIANO

Alizaliwa Juni 9, 1915, mji mdogo wa Waukesha, jimbo la Wisconsin, Marekani. Jina lake kamili lilikuwa Lester William Polsfuss, jina ambalo baadaye alilifupisha ili watangazaji wa redio wasijing'ate ulimi. Wazazi wake walitengana akiwa bado mdogo, akalelewa na mama yake, Evelyn, ambaye alimwamini mwanawe kuliko mtu yeyote duniani.

Na alihitaji kuaminiwa, manake inasimuliwa kwamba mwalimu wake wa piano alimwandikia mama barua kumwambia asipoteze hela, mtoto huyu muziki hauwezi. Lester mwenyewe hakuwahi kujua kusoma noti. Alichokuwa nacho ni masikio na udadisi wa fundi. Alimwona mfanyakazi wa mitaro akipiga kinanda cha mdomo wakati wa mapumziko, naye akakitaka. Alipotaka kupiga kinanda hicho na gitaa kwa pamoja, akakunja waya wa hanga ya nguo, akautengenezea kishikio cha shingoni.

Nyumbani kwao kulikuwa na piano inayojipiga yenyewe. Piano za aina hiyo zilitumia mviringo wa karatasi yenye matundu; kila tundu ni noti, karatasi ikizunguka piano inapiga. Wenzake walikuwa wakisikiliza tu. Lester akachukua karatasi ya mama yake akaanza kuongeza matundu yake, ili piano itoe noti ambazo mtunzi hakuzitia. Akikosea, anaziba tundu, anatoboa jingine.

Kama umewahi kutumia programu ya kutengeneza biti, unajua lile dirisha lenye vijiboksi ambapo unachora noti kwa mausi. Hadi leo programu nyingi hulitaja dirisha hilo kwa jina la karatasi ile ya piano. Kwa hivyo kila unapochora noti mle ndani, unafanya alichofanya mtoto wa Waukesha miaka mia moja iliyopita, ila yeye aliharibu mali ya mama.

Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, alikuwa akipigia muziki wateja wa kibanda cha vyakula kando ya barabara. Watu waliokaa kwenye magari nyuma hawakulisikia gitaa. Akachukua sindano ya gramafoni, akaichomeka kwenye gitaa, akaiunganisha na redio. Gitaa likasikika. Hakuna aliyemfundisha. Shida ilikuwa mbele yake na vifaa vilikuwa ndani ya nyumba.

Akiwa na miaka 17 aliacha shule ya upili, akajiunga na bendi ya redio mjini St. Louis. Sisemi uache shule, tuelewane. Mimi niliacha chuo na ninajua kinavyouma. Ninachosema ni kwamba yeye hakuacha kusoma. Alibadilisha darasa tu. Alipofika Chicago katika miaka ya 1930, asubuhi alikuwa akipiga muziki wa kijijini redioni kwa jina la Rhubarb Red, usiku anaingia vilabuni kupiga jazi na watu waliomzidi, ili ajifunze kwao.

UBAO ULIOCHEKWA

Mwishoni mwa miaka ya 1930 alihamia New York. Huko ndiko wazo moja lilimkaba koo. Gitaa la kawaida lina tumbo wazi, na tumbo hilo ukiliunganisha na spika linaanza kulia lenyewe, vuuu, hadi mnaziba masikio. Je, kama gitaa halina tumbo kabisa?

Karibu mwaka 1940, kampuni ya Epiphone ilimruhusu kutumia kiwanda chake wikendi. Akachukua gogo la msonobari la pembe nne, upana wa inchi nne kwa nne, akalifunga nyaya, shingo na kinasa sauti. Sauti ilitoka safi, na noti ilidumu kama kengele ya kanisa. Lakini alipoibeba jukwaani, watu walitazama ubao ule wakakunja nyuso. Akarudi kiwandani, akapasua gitaa la kawaida katikati, akapachika nusu moja huku na nusu nyingine kule. Sauti ile ile, ubao ule ule, ila sasa watu wakapenda. Ndio hali ya binadamu: tunasikiliza kwa macho.

Alipoupeleka ubao huo kwa kampuni ya Gibson, walimcheka. Walikuja kumtafuta wenyewe miaka kadhaa baadaye, baada ya Leo Fender kuanza kuuza magitaa yasiyo na tumbo. Mwaka wa 1952 Gibson ikatoa gitaa lenye jina la Les Paul. Kusema kweli, kazi kubwa ya kulibuni ilifanywa na mafundi wa Gibson. Lakini jina likabaki lake, na ndilo lililonidanganya hata mimi.

MAGITAA MANANE, MTU MMOJA

Sasa tufike kwenye kisa chetu. Mwaka wa 1943 alihamia Hollywood. Aliitwa jeshini, lakini badala ya bunduki akapewa kazi kwenye redio ya jeshi. Mwaka wa 1945 alipiga gitaa kwenye wimbo wa Bing Crosby uliofika kileleni mwa chati. Mtu mwingine angetulia hapo.

Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba kilichomwamsha ni mama yake. Mama alimwambia amemsikia redioni, kumbe aliyepiga ni mtu mwingine. Les akawaza: kama mama mzazi hawezi kunitofautisha na wengine, basi mimi sina sauti yangu. Akajifungia kwenye gereji ya nyumba yake, iliyokuwa studio, atafute sauti ambayo hata mama asingekosea.

Wakati huo hakukuwa na tepu gerejini. Alikuwa akirekodi moja kwa moja kwenye santuri, kwa mashine aliyojiundia kwa gurudumu zito la injini ya gari la Cadillac. Mbinu yake ilikuwa hivi. Anapiga gitaa la kwanza, linachongwa kwenye santuri. Kisha anaicheza santuri hiyo huku akipiga gitaa la pili juu yake, na vyote viwili vinachongwa kwenye santuri nyingine. Anachukua hiyo ya pili, anaongeza gitaa la tatu. Hivyo hivyo, ngazi kwa ngazi.

Hakuwa wa kwanza kujaribu. Mwaka wa 1941 Sidney Bechet, mpiga klarineti na saksofoni, alikuwa tayari ameshapiga ala zote za bendi peke yake kwenye rekodi moja. Lakini Les Paul alifanya jambo hilo liwe sanaa kamili, na akaongeza hila moja: mwendo.

Santuri ikizunguka kwa nusu ya mwendo wakati wa kurekodi, kisha uicheze kwa mwendo wa kawaida, mambo mawili hutokea pamoja. Sauti inapanda oktavu nzima, na mapigo yanakwenda mara mbili. Kwa hivyo gitaa lililopigwa polepole na kwa uzito linageuka kuwa kitu chembamba kinachokimbia kama mvua juu ya mabati. Programu za leo zimetenganisha mambo hayo mawili: unapandisha sauti bila kugusa mwendo. Yeye hakuwa na anasa hiyo. Ilibidi apige kila kitu kwa nusu ya kasi, huku akijua kichwani kitasikikaje kikirudishwa.

Wimbo wake wa Lover ulitoka mwaka wa 1948 kupitia kampuni ya Capitol. Magitaa manane, yote ni yeye. Watu waliousikia hawakuelewa bendi hiyo imetoka wapi.

BARAFU YA OKLAHOMA

Lakini wimbo ulipoanza kuvuma, mwenyewe alikuwa kitandani hospitalini.

Januari 1948 alikuwa akisafiri kutoka Wisconsin kurudi California na mwimbaji msichana aitwaye Colleen Summers, ambaye dunia ingemjua kwa jina la Mary Ford. Colleen ndiye aliyekuwa usukani. Karibu na Davenport, jimbo la Oklahoma, barabara ilikuwa na barafu. Gari likateleza, likatoka kwenye daraja, likaporomoka bondeni.

Wote wawili walipona. Lakini kiwiko cha mkono wa kulia wa Les, mkono wa kuchapa nyaya, kilikuwa kimesagika. Madaktari walizungumzia kuukata. Mwishowe ikawezekana kuuokoa, kwa sharti moja: kiwiko hakitakunjika tena. Popote utakapowekwa, ndipo utakapokaa maisha yote.

Fikiria uko hapo. Unaambiwa uchague mkono wako ukae vipi hadi kufa. Ungechagua unaoweza kusalimia watu? Kuvaa shati? Kushika kijiko? Yeye aliomba wauunge ukiwa umekunjwa, karibu pembe mraba, ukielekea tumboni. Yaani mkao wa kupiga gitaa. Ilimchukua zaidi ya mwaka kupata nguvu tena. Tangu hapo kila jambo lingine maishani alilifanya kwa mkono uliokunjwa kwa ajili ya gitaa.

MASHINE ISIYOSAMEHE

Desemba 1949 alifunga ndoa na Mary Ford. Mwaka huo huo Bing Crosby alikuwa amemletea zawadi: mashine ya kurekodi kwa tepu, aina ya Ampex 300.

Mashine ya tepu ina vichwa vitatu vilivyopangwa kwa mstari. Cha kwanza kinafuta, cha pili kinarekodi, cha tatu kinasikilizisha. Les akaitazama, akawaza: nikiongeza kichwa cha nne, cha kusikilizisha, kikae kabla ya kile cha kufuta, itakuwaje? Itakuwa hivi: tepu inapopita, kichwa hicho kinaisoma sauti ya zamani kabla haijafutwa, unaisikia masikioni, unapiga sauti mpya juu yake, na zote mbili zinarekodiwa upya mahali pale pale. Bendi nzima ndani ya mashine moja ambayo unaweza kuitia kwenye buti la gari.

Lakini ona mtego ulipo. Kila unapoongeza sauti mpya, ya zamani inafutwa. Hakuna nakala. Ukishafika sauti ya kumi, ukakosea noti moja, au lori likapita nje, au mbwa wa jirani akabweka, umepoteza zote kumi. Unaanza upya.

Isitoshe, kila mzunguko tepu inapoteza ung'avu kidogo na kuongeza vumbi la sauti. Aliyerekodiwa kwanza ndiye anayechakaa zaidi. Kwa hivyo Les na Mary walianza na sauti zisizo na uzito sana, zile za kujaza nyuma, wakaacha zile zinazobeba wimbo mwisho ili zibaki safi. Yaani ilibidi wajue wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, sauti zote, kabla ya kubonyeza chochote. Sisi tunarekodi kwanza halafu tunafikiria. Wao hawakuwa na ruhusa hiyo.

Mwanzoni mwa 1951, kwenye nyumba yao ya kupanga mtaani Queens, New York, walirekodi How High the Moon kwa njia hiyo. Magitaa ya Les yakapangwa ghorofa baada ya ghorofa, sauti za Mary zikapangwa vivyo hivyo, mdomo wake ukiwa karibu kabisa na kipaza sauti, jambo ambalo waimbaji wa wakati ule hawakulizoea. Wimbo huo ulikaa kileleni mwa chati za Marekani kwa wiki tisa. Mwaka wa 1953, Vaya con Dios nao ukafika kileleni.

SAUTI YA DADA NYUMA YA PAZIA

Tatizo likawa jukwaani. Watu wanalipa kiingilio wakitarajia kusikia Mary watano, na aliye mbele yao ni mmoja. Unajua walifanyaje? Dada yake Mary alijificha nyuma ya pazia na kipaza sauti chake, akiimba sambamba naye. Watu walikuwa wakiangaza huku na huku, hawaoni kitu. Baadaye Les akatengeneza kisanduku alichokiita Les Paulverizer, kilichomwezesha kuendesha tepu akiwa jukwaani, huku akidai kwa mzaha kwamba kisanduku hicho ndicho kinachozidisha sauti.

Watu wakizungumzia hamoni za Les Paul, jina la Mary huachwa pembeni, na hilo si haki. Gitaa linaweza kupachikwa sauti za ajabu kwa mwendo wa mashine. Mwimbaji hana ujanja huo. Mary aliimba sauti ya kwanza, akasikiliza pumzi zake mwenyewe, akaimba ya pili, ikalingana hadi mwisho wa kila silabi, akaimba ya tatu. Na akikosea yeye, magitaa ya mumewe yanafutika pamoja naye.

Nadhani hapo ndipo palipowachosha. Walirekodi nyumbani, wakafanya kipindi cha televisheni nyumbani kwao Mahwah, New Jersey, wakazunguka nchi nzima kwa maonyesho. Nyumba ikawa studio, ndoa ikawa bendi. Mwaka wa 1954 walimzika mtoto wao aliyezaliwa kabla ya wakati. Les alitaka kuendelea kufanya kazi. Mary alitaka kupumzika. Mwaka wa 1964 waliachana. Mary alifariki mwaka wa 1977, akiwa na miaka 53.

Huyu ni mtu aliyeweza kupatanisha magitaa manane. Watu wawili ndani ya nyumba moja, wakamshinda. Sisemi hivyo kumdharau. Magitaa yote manane yalikuwa yeye, na ni rahisi kukubaliana na nafsi yako. Mtu wa pili ana mwendo wake, na hana kitufe.

NJIA NANE, KISHA KIMYA

Kabla ya kuachana, Les alikuwa ameagiza kwa Ampex mashine ambayo haikuwahi kutengenezwa: njia nane kwenye tepu moja, kila moja peke yake, na zote zikienda sambamba. Ilimfikia mwaka wa 1957, kwa bei ya karibu dola 10,000, hela ambazo wakati huo zingenunua nyumba. Sasa sauti mpya haikuifuta tena ya zamani. Ukikosea gitaa la tano, unarudia la tano pekee.

Ukifungua programu yoyote ya muziki leo, ile mistari unayoiona imelala mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na sauti yake, mzazi wake ni mashine ile. Ajabu ni kwamba alipoipata, nyakati zake zilikuwa zinapita. Roki ilikuwa imeingia. Vijana walioshika magitaa yenye jina lake walikuwa wakipiga muziki mwingine kabisa. Katikati ya miaka ya 1960 akajitenga na jukwaa, akabaki na vyuma vyake gerejini.

Alirudi mwaka wa 1976 kwa albamu aliyopiga na mpiga gitaa mwenzake Chet Atkins, wakashinda tuzo ya Grammy. Baada ya kufanyiwa upasuaji wa moyo, alianza mwaka wa 1984 kupiga kila Jumatatu usiku katika klabu moja ndogo New York, Fat Tuesday's, kisha akahamia Iridium. Ugonjwa wa yabisi ulikuwa umekamata vidole vyake. Vingi havikukunjika tena. Sasa hebu hesabu: kiwiko kimoja hakikunjiki, vidole vingi havikunjiki. Akajifunza upya kupiga kwa vile vilivyobaki. Noti chache, zilizochaguliwa. Aliendelea na Jumatatu zake hadi mwaka aliofariki, Agosti 2009, akiwa na miaka 94. Alizikwa Waukesha, alikozaliwa.

Jina lake limo katika jumba la heshima la roki, tangu 1988, na katika lile la wavumbuzi, tangu 2005. Sio wengi wamo kote kuwili.

KWA NINI KWAYA YANGU ILILEWA

Turudi kwenye laptopu yangu. Kosa nililipata, na kama uliwahi kuimba kwaya shuleni utalielewa mara moja, kwa do-re-mi.

Sauti ya pili ya kawaida hukaa noti mbili juu ya ile ya kwanza: wewe ukiimba do, mwenzako anaimba mi, ukienda re, anaenda fa. Ila hatua hizo hazilingani. Kutoka do hadi mi ni semitoni nne. Kutoka re hadi fa ni tatu. Mi hadi so, tatu. Fa hadi la, nne. So hadi ti, nne. La hadi do, tatu. Ti hadi re, tatu. Mimi nililazimisha nne kila mahali. Kati ya noti saba, tatu zilikuwa sawa na nne zilikuwa za uongo. Ndiyo maana ilikubali na kugoma.

Kwa hivyo ukitaka kujaribu, fanya hivi. Tafuta kwanza wimbo uko kwenye ufunguo gani. Kama programu yako inaweza kuambiwa ufunguo, iambie, nayo itachagua yenyewe tatu au nne. Kama haiwezi, kata rekodi noti kwa noti na upandishe kila moja kivyake. Pandisha sauti ikiwa safi, kabla hujaitia ukali wa ampu, la sivyo utapata uji. Usiipandishe mbali mno, gitaa litaanza kusikika kama mbu. Na usidhani kunakili gitaa lile lile na kuliweka kulia na kushoto kutaleta upana. Utapata sauti kubwa zaidi tu, bado iko katikati. Upana huletwa na tofauti ndogo ndogo za mkono.

Hapo kwenye mkono ndipo nilikwama. Programu ilinipa sauti ya pili iliyo sahihi, noti zote, lakini ilikuwa rafiki yangu akijijibu mwenyewe. Aliposita, nayo ilisita. Pale alipokuwa akinisubiri niingie, ilisubiri pia. Magitaa mawili yanayosubiriana na hakuna anayeingia.

Nikaifuta. Nikachukua gitaa langu, nikavaa vipokea sauti, nikakaa na dakika zake mbili. Usiku wa kwanza, bure. Wa pili, stima zikapotea. Wa tatu nikaanza kusikia anapovuta pumzi kabla ya kubadilisha kodi, jambo ambalo nilipokuwa nikikaa naye chumba kimoja sikuwahi kulisikia. Usiku wa sita nikapata moja nzuri, nikamtumia kwa WhatsApp.

Alijibu siku mbili baadaye, akitoka zamu ya usiku. Akaniambia kwenye sehemu ya pili nimechelewa kuingia, kama kawaida yangu.

Nimesikiliza tena. Ni kweli. Mistari iko mingi na hakuna kinachofutika, kwa hivyo leo jioni narudia.